Kuinua Vyuma: Mchezo wa Nguvu na Akili

(Maneno ya hotuba iliyosomwa kwa vijana wa Mikinduri, Meru)



Nilipofika hapa niliwakuta vijana nyuma ya soko wakiinua makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji. Kila mmoja aliinama, mgongo umepindika, akavuta kwa nguvu zake zote huku wenzake wakimshangilia. Nguvu wanazo. Watu wapakiao malorini magunia ya mahindi ya kilo 90 hawana haja ya kufundishwa habari za nguvu. Lakini katika mashindano, nguvu peke yake humwangusha mwenyewe.

Mchezo huu una miinuo miwili. Katika ule wa kwanza chuma hutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, pasipo kutua. Katika wa pili hutua kwanza mabegani. Mchezaji husimama, kisha hukisukuma juu mpaka mikono inyooke. Zamani ulikuwako wa tatu, lakini uliondolewa baada ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, kwa kuwa ilikuwa taabu kuuamua kwa haki.

Wachezaji hupimwa miili kwanza, ili mwepesi asishindanishwe na mzito. Chuma kitupu ni kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, na sahani za uzito hutiwa huku na huku. Waamuzi ni watatu: taa nyeupe ni kukubali, nyekundu ni kukataa, na neno la wawili ndilo litakalofuatwa.

Sasa sikilizeni sana. Kila mchezaji hupewa nafasi tatu katika kila mwinuo, na uzito katika chuma huongezwa tu, haurudi nyuma. Mtu awezaye kilo 90 bila shida, akitaka kujionyesha kwa kuanza na 100, akashindwa mara zote tatu, hana jumla yoyote. Aliyeinua 60 kwa utaratibu amemshinda. Ndiyo maana mwalimu mwenye busara humwanzisha mchezaji wake kwa uzito aliouzoea.

Tena, nguvu hutoka miguuni. Watazameni mama zetu wanapoinuka na mzigo wa kuni, ukanda kipajini: mapaja ndiyo yanayofanya kazi. (Wanaume hatupendi kukiri kwamba tungeweza kujifunza kwao.) Wanawake wenyewe waliingizwa katika mchezo huu wa Olimpiki mwaka 2000, huko Sydney. Na katika mchezo ulio ndugu wa huu, ambao walemavu hulala juu ya benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, Mkenya Hellen Wawira alipata nishani ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022.

Basi anayetaka kuanza aanze na mpini wa jembe mtupu. Auweke karibu na miguu, akunje magoti, anyooshe mgongo, ainuke. Afanye hivyo siku nyingi, hata akichekwa. Makopo yale ya saruji yangoje. Tena yapelekwe kwanza kwenye mizani ya sokoni, kwa maana kopo moja likizidi jingine, bega moja ndilo litakaloumia.