Redio Zinazosahau: Sifa Tunazozitaka katika Programu za Vicheza Sauti vya Bei Nafuu

Mada kwa semina ya waratibu wa vikundi vya wasikilizaji, Kilwa Masoko

Utangulizi



Nimepewa dakika 20 na mada yenye jina refu. Sitaeleza kikundi cha wasikilizaji ni nini. Wengi humu mmevilea wenyewe, na wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipoizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Tofauti ya leo ni kwamba kipindi hatukisubiri hewani. Kimo kwenye memori kadi, na kadi imo kwenye redio iliyonunuliwa dukani Nangurukuru.

Maana ya maneno

Kicheza sauti ni redio ya memori. Programu endeshi ni yale maelekezo yaliyofungwa ndani yake, yanayoamua kitufe kikibonyezwa kitokee nini. Fundi simu akikwambia "hii inataka kuflashiwa", ndiyo anayotaka kuibadilisha. Hayo yanatosha.

Tatizo lenyewe

Sifa ambazo zingefaa ni nyingi, na wengine watazungumzia chaji ya sola na spika zisizoliwa na chumvi. Mimi nimepambana na jambo moja kwa miaka, na naomba nivumiliwe nikikaa hapo. Redio zetu zinasahau.

Chukueni kikundi cha akina mama pale Kivinje. Somo lao ni la dakika 45. Wanasikiliza dakika 20, wanaizima redio ili wajadiliane na kuokoa betri. Wakiiwasha tena, inaanza na faili la kwanza kwenye kadi, ambalo ni singeli aliyoiweka mjukuu wa mwenye redio. Mama anabonyeza kusogeza mbele, mara moja, mara mbili, mara tisa. Akilifikia somo, linaanza upya na salamu zake zote. Akikishikilia kitufe ili lisogee, linarukia faili jingine. Basi wanazisikiliza zile dakika 20 kwa mara ya pili, na jua linazama. Kuna vikundi ambavyo utangulizi wa somo la tatu wanaujua kwa moyo kuliko mimi niliyeurekodi, na mwisho wake hawajausikia hata siku moja.

Sababu yake si siri. Redio hizi nyingi huandika mahali zilipofika pale tu zinapozimwa kwa utaratibu, na nyingine haziandiki kabisa. Zetu hazizimwi kwa utaratibu. Swichi ya pembeni inakata umeme papo hapo, na ile betri ya BL-5C, ya simu za Nokia za zamani, ikichoka hukata katikati ya neno. Kumbe kuandika namba mbili ndogo kila baada ya dakika moja, namba ya faili na sekunde iliyofikiwa, kungemaliza ugomvi wote.

La pili ni ndugu wa la kwanza. Kompyuta inakuonyesha masomo kwa majina: 01, 02, 03. Redio ya bei nafuu mara nyingi haijali majina. Inafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye jedwali la kadi. Ukifuta somo la 4 ukaweka lililosahihishwa, linaweza kujitokeza baada ya la 10. Nimewahi kulaumiwa mbele ya mkutano kwamba nimechanganya masomo makusudi. Dawa yake ni kuisafisha kadi yote na kunakili faili moja moja kwa mfuatano, au kutumia programu iitwayo FatSort, inayolipanga upya hilo jedwali. Dawa inafanya kazi, ila naitoa kadi baada ya kadi, kijiji baada ya kijiji, kwa ajili ya kosa la mtu mmoja aliyeandika programu kiwandani.

Na msidhani naomba muujiza. Mwaka 2001 Björn Stenberg na wenzake huko Uswidi, wakiwa wamechoshwa na programu iliyokuja na kicheza muziki cha Archos, walianza kuandika ya kwao. Inaitwa Rockbox, haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Inakumbuka ulipoishia. Inaweka alama ndani ya faili refu. Inapanga kwa majina. Inaweza kupunguza mwendo wa msemaji bila kumfanya asikike kama mlevi. Betri ikikaribia kwisha, inajizima yenyewe kwa utaratibu. Kubwa kuliko yote, menyu yake inasema: asiyeona anasikia jina la folda kabla ya kuifungua, na jina hilo mtu anaweza kulirekodi kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili, Kimwera au Kimatumbi.

Nilipata kicheza muziki kimoja kilichotumika, Sansa Clip+, nikakiwekea Rockbox, nikampelekea bibi mmoja asiyeona. Kwenye kitufe cha katikati nilidondosha tone la rangi ya kucha, likakauka likawa kijipele, ili dole gumba lipate pa kuanzia. Siku ya tatu alinitumia salamu kupitia mjukuu wake: "Mwambie kifaa chake kina adabu, kinanisubiri nilipokiacha."

Sasa uchungu. Clip+ ilitoka mwaka 2009 na haitengenezwi tena. Clip Sport iliyokuja baadaye haiipokei Rockbox. Na hizi redio za memori za sokoni nyingi haziflashiwi hata kwa dua, kwa kuwa programu imechomwa kwenye chipu mara moja tu, au mwenye chipu hakutoa maelezo yake. Tena kwa nje huwezi kuzitofautisha: boksi ni lile lile, rangi ile ile, namba ile ile. Ukifungua, ndani chipu mbili tofauti. Ofisi moja ambayo sitaitaja iliniletea sampuli ya redio, nikaijaribu wiki mbili, nikaipitisha. Sampuli ilikumbuka. Shehena ilipofika, haikukumbuka. Nilipouliza nikajibiwa kwamba redio ni redio, na kwamba zote zilikaguliwa kwa kuwashwa. Nasema haya kwa heshima zote, na sina nia ya kumnyooshea mtu kidole.

Mapendekezo

Napendekeza waagizaji wapewe masharti kwa maandishi, na la kwanza liwe hili: redio ikichomolewa betri katikati ya somo na kurudishiwa, iendelee pale pale. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu. Linahitaji kucha ya kuchomolea betri.

Faili zichezwe kwa mpangilio wa majina.

Ukaguzi ufanyike kwenye shehena, si kwenye sampuli, kwa kuchukua redio chache kutoka kila katoni na kuzichomoa betri kama nilivyosema.

Jina la folda lisikike. Wenzetu wasioona wasiachwe wahesabu mibonyezo, na wanachama wasiojua kusoma wako kwenye hali ile ile.

Fedha ikiruhusu, kila kata iwe na angalau kifaa kimoja kinachopokea Rockbox, hata kilichotumika, na kijana mmoja wa duka la simu afundishwe kukiwekea. Fedha isiporuhusu, afundishwe FatSort, ambayo haina gharama.

Hadi hapo tutakapopata redio zinazokumbuka, masomo yetu tuyakate vipande vya dakika tano tano. Nimelikataa wazo hili kwa muda mrefu, kwani linamsamehe mtengenezaji. Nimekubali yaishe: anayerudi mwanzo wa kipande atapoteza dakika tano, hatapoteza jioni nzima.

Masomo yawe na kadi yake, nyimbo ziwe na kadi yake. Kuhusu nyimbo za wasanii zinazojazwa vibandani, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na hilo nawaachia wenye mamlaka.

Narudia lile la kwanza, maana najua ndilo litakaloondolewa kwenye muhtasari: redio iendelee pale ilipoishia.

Kadi nilizozipanga upya ziko kwenye bahasha, mezani karibu na mlango. Anayechukua aandike jina la kijiji chake kwenye daftari. Na mwenye redio inayosahau aniletee, pamoja na boksi lake.