Dona si chakula cha adhabu

Siku moja dada yetu mkubwa alirudi kutoka kliniki na karatasi mkononi. Alikuwa amepimwa na kuonekana kuwa ana kisukari. Mganga alimweleza mambo mengi, lakini sisi wa nyumbani tulishika moja tu: asile sembe, ale dona. Basi tukanunua sufuria ndogo. Wote tukawa tunakula ugali mweupe kutoka sinia moja, na dada peke yake anawekewa kibonge chake cha dona pembeni. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini baada ya wiki chache ile sufuria ndogo ikawa haitoki kabatini. Dada alikuwa amerudi kwenye sinia letu. Alipoulizwa, alijibu kwa mkato: "Nimechoka kula kama mfungwa."

Jibu hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Wengi wetu tulikutana na dona katika shule za bweni. Ukitaja dona, mtu anakumbuka foleni, sahani ya bati na maharage yenye wadudu. Ndiyo maana mgeni akija nyumbani tunaficha dona na kukimbilia dukani kununua sembe. Weupe wa ugali umekuwa kipimo cha heshima ya mwenye nyumba. Lakini, ndugu msikilizaji, hebu tujiulize: huo weupe tunaununua kwa bei gani?

Punje ya hindi ina sehemu tatu kubwa. Kuna ganda la nje, kuna kiini kidogo ambacho ndicho huchipua, na kuna ule wanga uliojaa katikati. Ganda lina nyuzinyuzi ambazo husaidia tumbo kufanya kazi na hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Kiini kina mafuta, vitamini na madini. Tunapokoboa, ganda huondoka na sehemu kubwa ya kiini huondoka nalo. Kinachobaki ni wanga karibu mtupu. Dona ni punje yote iliyosagwa, bila kitu kutupwa.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa katika kisiwa cha Java akichunguza ugonjwa wa beriberi, ambao hulegeza miguu na kudhoofisha moyo. Aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipooza miguu, na walipopewa mchele ambao haukukobolewa wakapona. Baadaye ilijulikana kwamba kilichokosekana ni vitamini B1, iliyokuwa ikitupwa pamoja na pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel. Sisi nasi tunapeleka mahindi mashineni, tunalipa pesa yakobolewe, tunalipa tena yasagwe, kisha pumba tunawapa kuku. Kwa hakika kuku wetu hawana sababu ya kulalamika!

Ni kweli kwamba viwanda vikubwa huongeza vitamini na madini katika unga. Lakini unga wa mashine ya mtaani mara nyingi hauongezwi kitu, na hata ule ulioongezwa haujarudishiwa nyuzinyuzi zake.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, kusifu dona bila kutaja hatari yake si haki. Mahindi yaliyovunwa mabichi, au kuanikwa juu ya udongo, au kuhifadhiwa kwenye unyevu, huota ukungu. Ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulizipata familia za mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu. Sumukuvu hukaa zaidi katika ganda na kiini, yaani sehemu zile zile tunazoambiwa tusizitupe. Na kuipika hakuiondoi.

Kwa hiyo dona nzuri haianzii jikoni, inaanzia shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja mpaka yakauke kabisa, yahifadhiwe pakavu, penye hewa. Kabla ya kuyapeleka mashineni, yamwage kwenye ungo, uyachague. Punje iliyooza, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au kuvunjika, itoe. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hata katika maziwa. Na kama mahindi yenyewe yana ukungu mwingi, usijidanganye kwamba kuyakoboa kutayafanya yawe salama.

Saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili hivi. Dona ina mafuta ya kiini, hivyo ikikaa sana hunuka na kuwa chungu. Wengi wanaosema dona ni mbaya, kwa kweli walikula dona iliyochacha.

Wakati wa kupika, usiwe na haraka kama ya sembe. Koroga uji, uache uchemke vya kutosha, kisha ongeza unga taratibu na kuusonga. Punguza moto, funika, uache uive. Kama watoto wanakataa, anza kwa kuchanganya nusu sembe, nusu dona, halafu ongeza dona kadiri wanavyozoea. Wenye mtama, uwele au ulezi nao wasiuone kuwa ni chakula cha njaa. Viazi vitamu vichemshwe na maganda yake. Mchele usioshwe mara nyingi mno, wala maji yake yasimwagwe.

Aidha, tusidhani kwamba dona ni dawa. Dona nayo ni wanga, na mlima wa dona utapandisha sukari pia. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo inayobaki ndiyo ya ugali. Kwa wengi wetu hesabu hiyo imegeuzwa juu chini: ugali ndio sahani, mboga ni ya kusukumia.

Sasa nirudi kwa dada yetu. Aliporudi kliniki, sukari ilikuwa imepanda zaidi, na mganga akatuita sisi ndugu zake. Hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu: "Kama chakula hiki ni kizuri kwake, ninyi kwa nini hamkili?" Hatukuwa na jibu. Jioni ile tulipika dona katika sufuria kubwa, tukaketi wote kwenye sinia moja. Watoto walinung'unika siku tatu, ya nne wakaomba kuongezewa.

Ndugu msikilizaji, mgonjwa anayekula peke yake hadumu na masharti yake. Kama nyumbani kwako yupo mwenye kisukari, usimnunulie sufuria ndogo. Badilisha ile kubwa.