ADABU YA KUOMBA NA KUKATAA



Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyempa mwanadamu ulimi na akili ya kuuongoza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu dogo, nalo ni namna tunavyosemezana majumbani, madukani na njiani. Hatutasema juu ya matusi, kwani ubaya wake unajulikana hata na mtoto wa chuoni aliyeanza alifu jana. Tunataka kutazama yale maneno tunayoyatumia kutwa kucha bila ya kuyafikiri: "nipe", "lete", "sina", "njoo kesho".

Mwenyezi Mungu ametujaalia lugha yenye nafasi kubwa katika mlango huu. Mtu mwenye kiu anaweza kusema "Lete maji", anaweza kusema "Naomba maji", na anaweza kusema "Tafadhali, hebu nisaidie maji ya kunywa". Maji ni yale yale na gilasi ni ile ile, lakini anayeletewa neno la kwanza ameamrishwa, na anayeletewa la mwisho ameachiwa heshima yake. Tena tazameni maneno yenyewe. "Tafadhali" ni la ukoo mmoja na fadhila. Basi anayelitamka anakiri kwamba analoliomba ni fadhila ya mwenziwe, si deni analomdai. "Kunradhi" ni kumwomba mtu awe radhi. "Ahsante", kwa asili yake ya Kiarabu, ni kumwambia mtu kwamba ametenda wema. Wazee wetu hawakuyapokea maneno haya kwa ajili ya pambo tu.

Sasa tujiulize: tafadhali zetu tunampa nani? Tunampa mkubwa wa kazini, tunampa mgeni, tunampa mwenye duka tunayetaka atukopeshe. Tukifika nyumbani zimekwisha. Mke anaambiwa "chakula kiko wapi?" kabla ya salamu, na yule binti aliyeacha kwao kijijini akaja kutusaidia kazi za nyumba haitwi hata kwa jina lake. Yeye ni "wewe", au "we msichana". Watoto wa nyumba hiyo wanasikia, na siku si nyingi nao, wenye umri wa miaka sita au saba, wanamwamrisha mtu anayeweza kuwa dada yao mkubwa.

Sayyidna Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, tangu alipokuwa mtoto. Yeye mwenyewe amesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo, kwamba katika muda wote huo hakusikia kwa Mtume hata neno la kuguna, wala hakuulizwa kwa nini amelifanya hili au kwa nini ameliacha lile. Miaka kumi, ndugu zangu, na kwa mtumishi mtoto, ambaye hapana shaka alisahau na alichelewa kama watoto wote. Na katika zama zile ambazo utumwa ulikuwako, Mtume aliwakataza mabwana wasimwite mtu mtumwa wao. Akawafundisha waseme "kijana wangu" au "binti yangu". Ikiwa aliyekuwa akimilikiwa alichaguliwa jina lisilomvunja moyo, vipi kuhusu mtu huru, Mwislamu mwenzetu, anayetupikia na kutulelea watoto?

Tumesema juu ya kuomba. Kukataa ndiko kwenye uzito zaidi, maana kila mtu anapenda kuombwa kwa upole, lakini si wengi wanaojua kukataa kwa upole bila ya kusema uwongo.

Katika Suratul Israi, baada ya kuamrisha jamaa, masikini na msafiri wapewe haki zao, Mwenyezi Mungu katika aya ya 28 anaitaja hali ya mtu ambaye kwa wakati ule hana cha kutoa, naye anaitarajia rehema ya Mola wake. Huyo hakuambiwa akope ili atoe, wala hakuruhusiwa kumfukuza mwombaji. Ameamrishwa amwambie neno jepesi. Wafasiri wanasema neno hilo ni kama kumwombea dua, au kumpa ahadi njema ya siku Mwenyezi Mungu atakapomruzuku. Lakini tuangalie sana hapo, kwani ahadi njema ni ile ambayo mwenye kuitoa anaitaka itimie.

Hapa ndipo tulipoharibikiwa. Tumelichukua neno tukufu la "inshallah" tukaligeuza kuwa pazia la "hapana". Jirani anamwomba mwenziwe waende pamoja kumzuru mgonjwa; mwenziwe hana nia ya kwenda, anajibu "inshallah". Mwenye deni anadaiwa, anajua kabisa kwamba kesho hana senti, anajibu "kesho inshallah". Na mafundi cherehani wetu, Mwenyezi Mungu awaongoze, wanapokea vitambaa vya kanzu hadi siku mbili kabla ya Idi, na kila ajaye anaambiwa "utaikuta tayari, inshallah", hali fundi mwenyewe akiutazama mrundo nyuma yake na kujua kuwa hautakwisha. Mtoto wa watu anakwenda kusali Idi na nguo ya mwaka jana.

Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, Mtume anafundishwa asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho, isipokuwa kwa kulifungamanisha na kupenda kwake Mwenyezi Mungu. Neno hili basi liliwekwa kwa mtu aliyeazimia. Yeye ameazimia, amejiandaa, kisha anakiri kwamba azma yake haina nguvu mbele ya kadari ya Mola wake. Asiyeazimia hana cha kufungamanisha. Anapolitamka, analisingizia jina la Mwenyezi Mungu kwa uvivu wake au haya yake. Na matunda yake tunayaona: mtoto wa Kiislamu anapomwomba baba yake daftari, akajibiwa "inshallah", hunuka na kwenda zake kwa unyonge, kwa kuwa amekwisha jifunza kwamba maana yake ni kukataliwa. Majirani wetu wasio Waislamu nao hulifanyia mzaha. Dhambi ya mzaha huo tunaishiriki sisi tuliowafundisha.

Imepokewa na Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe, Abdullah bin Amir, akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama huyo alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa tende. Mtume akamweleza kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uwongo. Kinamama wanaowaita watoto kwa ahadi ya peremende isiyokuwapo, na kinababa wanaosema "nikirudi nitakuletea", wayafikiri hayo.

Basi mtu akatae vipi? Aseme kweli, na aivishe kweli hiyo nguo nzuri. "Kunradhi ndugu yangu, leo sikujaaliwa, Mwenyezi Mungu atufungulie sote." "Samahani mama, kazi niliyonayo ni nyingi, kabla ya Idi sitaiwahi, mpelekee fulani." Maneno haya hayagharimu kitu, na anayeambiwa anaondoka akijua afanye nini. Kuna watu wataona kwamba "hapana" yoyote ni utovu wa adabu. Sisi hatukubaliani nao. Kumfanya mtu aje na kurudi mara nne kwa ajili ya jambo ambalo mwenyewe ulikwisha likataa moyoni, huko ndiko kumdharau.

Jambo jingine limekuwa likizusha maneno baina ya vijana na wazee, nalo ni "shikamoo". Wako vijana waliosoma kidogo wanaokataa kuitamka, kwa kuwa husemwa kwamba asili yake ni kushika miguu, na kuinamia hakumfai ila Mwenyezi Mungu. Hofu yao juu ya tauhidi ni jambo jema. Lakini maneno hupimwa kwa maana wanayoikusudia wenye kuyatumia, na hatujamwona bibi yeyote, si Tanga wala Unguja, anayeitikia "marahaba" akidhani kwamba anaabudiwa. Kijana na aanze kwa Assalaamu alaykum, kwani hiyo ndiyo salamu yetu, kisha amwongezee mzee shikamoo yake. Kumpita mzee kimya, au kumsomesha dini barabarani mbele ya wajukuu zake, hakuipi nguvu tauhidi.

Na mwanafunzi akitaka kumkosoa mkubwa, njia iko. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume alipofikiwa na habari mbaya ya mtu hakumtaja kwa jina, bali alisema kwa jumla juu ya watu wanaofanya kadha wa kadha. Mwenye kosa alijijua, na waliobaki walifaidika. Musa na Haruni (A.S.) walipotumwa kwa Firauni, dhalimu aliyejiita mola, waliamrishwa wamwambie kwa upole, imo katika Suratu Taha, aya ya 44. Imamu wa msikiti wetu aliyekosea irabu hajafikia daraja la Firauni.

Limebaki moja fupi, nalo ni hodi. Kubisha hodi na kutoa salamu kumeamrishwa katika Suratun Nur, aya ya 27, na aya inayofuata inasema kwamba tukiambiwa turudi, basi turudi. Mwisho wa kubisha ni mara tatu. Abu Musa Al-Ash'ari alipobisha mara tatu kwa Sayyidna Umar asijibiwe, aliondoka zake. Na Jabir bin Abdillahi alipogonga mlango wa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu "mimi", Mtume alilirudia neno lile kana kwamba hakulipenda, kwani halimtambulishi mtu. Tunaona simu nayo ni mlango. Anayempigia mwenziwe na ajitaje jina kwanza, aulize kama ana nafasi, na asipopokelewa baada ya mara tatu aache. Tena asipige wakati wa kulala mchana, wala baada ya Isha ila kwa dharura, kwani nyakati hizo zimetajwa katika Sura hiyo hiyo, aya ya 58, kuwa ni nyakati za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani huomba ruhusa.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.