Ndugu Achangiapo Uloto



Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kabla ya kutia saini ridhaa, tunawasihi wazazi mzingatie mambo mawili.

La kwanza ni vinasaba. Kinga ya mwili hutofautisha seli zake na za kigeni kwa alama ziitwazo HLA, ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Kutolingana si kosa la yeyote, lakini huongeza hatari ya seli za mchangiaji kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa. Ni haki yenu kuelezwa majibu ya kipimo hicho.

La pili ni kuhara. Hata ndugu wakilingana, hatari haiishi. Mgonjwa aliyerejea nyumbani akiharisha au akitoa damu, msikimbilie duka la dawa. Wapigieni simu waliompandikiza siku hiyo hiyo. Dodoma ni mbali, na utumbo hausubiri.