Mbuyu Haukupandwa Nasi, Bali Tumeurithi
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Leo chama chetu chatimiza miaka kumi. Wahenga walisema hata mbuyu ulianza kama mchicha, na usemi huo watuhusu sisi zaidi ya wengine, kwa kuwa mali yetu ni mbuyu wenyewe.

Sisi wa Dodoma twaujua mti huu tangu utotoni. Majani yake ni mboga, unga wake hutiwa katika uji, gome lake husokotwa kamba, na mbegu zake hutoa mafuta. Ijapokuwa hivyo, tuliudharau, tukauita chakula cha njaa. Mchuuzi alipofika na magunia yake ya lumbesa, tulimwuzia tukicheka kwamba ananunua kitu cha bure. Kumbe mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulikwisha kuruhusu unga wa ubuyu utumike katika vyakula, na mwaka 2009 Marekani nayo ikaukubali. Mchuuzi alijua, sisi hatukujua. Ndipo tulipoungana, tukanunua mizani yetu wenyewe.

Hatuna budi kukumbuka pia aibu yetu. Mwaka wetu wa pili, shehena nzima ilirudishwa kwa sababu ya mchanga na ukungu. Nyumba nyingi zilikuwa zikingojea fedha zile kwa sare za watoto. Tulitaka kumlaumu mnunuzi, lakini kosa lilikuwa letu. Ubuyu hukaukia ndani ya buyu lake, safi. Sisi ndio tuliouvunjia juu ya udongo na kuuacha upigwe na umande. Tangu siku hiyo twavunjia juu ya turubai, twachagua, twafunga siku ile ile, na kila gunia lina alama ya mwenyewe. Anayechanganya mbovu na nzuri hujulikana.

Sasa liko jambo lililo zito kuliko bei. Ni nani kati yetu aliyeona mbuyu mchanga mwaka huu? Mibuyu tunayoichuma ni mikongwe, wala hatukuipanda sisi. Miche ikichipua, mbuzi huila. Maua yake hufunguka usiku, na popo ndio wayapitiao; lakini watoto wetu huwapiga mawe popo hao. Mbuyu utokao katika mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Tukingoja mikongwe ianguke, tutakuwa tumechelewa.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama auzungushie miiba mche mmoja, asikate matawi kwa kuchuma, na asiuze mabuyu yote hata watoto wake wakakosa uji. Matunda ya miche hiyo huenda tusiyaone sisi. Na waliotuachia mikongwe hii hawakutuona.

Chama kidumu.