Jua Linalopita Kaskazini: Kupanga Sebule ya Johannesburg kwa Kanuni za Kichina na Kihindi

Kupanga sebule kwa kanuni za jadi za China na India ni kuamua mambo matatu: watu wakae wapi, vitu vizito viwekwe pembe ipi, na sehemu gani ya sakafu iachwe wazi. Fengshui ya Wachina huanza na kikao. Kochi kuu liegemee ukuta imara, aliyeketi auone mlango bila kukabiliana nao uso kwa uso, na mbele yake pawe na nafasi. Vastu ya Wahindi huanza na sakafu yenyewe, mraba uliogawanywa katika viraba 64 au 81, na juu yake amelazwa Vastu Purusha, roho ya mahali, kichwa kaskazini-mashariki na miguu kusini-magharibi. Pembe ya kichwa huachwa nyepesi, pembe ya miguu hubebeshwa makabati, moto hukaa kusini-mashariki, na katikati ni pa mungu Brahma.

Elimu zote mbili zilizaliwa kaskazini mwa ikweta. Johannesburg iko kwenye nyuzi 26 za kusini, ng'ambo ya Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Juni hupanda nyuzi 40 tu. Desemba hukaribia utosi. Baridi huja kutoka kusini. Sebule iliyotazamishwa kusini, kama Mchina wa Beijing anavyopaswa kufanya, hapa haipati jua la kipupwe kabisa.

Historia ya jamii zilizoleta elimu hizi inajulikana. Wachina zaidi ya 60,000 waliletwa kwenye migodi ya dhahabu kuanzia 1904 na karibu wote wakarudishwa kwao kufikia 1910. Wafanyabiashara waliokuwa wametangulia walijikita karibu na Barabara ya Commissioner, na waliofuata baadaye wakajikita katika mtaa wa Cyrildene. Wahindi walikaa Fordsburg na Pageview, hadi Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ilipowasukumia wengi Lenasia. Linalohusu mhadhara huu ni moja: viwanja vilipimwa kufuata barabara, si jua. Mkaaji hakuchagua nyumba yake itazame wapi. Alichobaki nacho ni kupanga vilivyomo ndani.

Jibu lililoenea miongoni mwa wapambaji wa kizio cha kusini ni kwamba dira nzima igeuzwe. Kaskazini iwe kusini, na kila kanuni ihame na upande wake. Jibu hili linapendwa kwa wepesi wake, na limepotosha sebule nyingi kiasi kwamba linastahili kuvunjwa kiungo kwa kiungo.

Kwanza, mashariki haihami. Jua huchomoza mashariki Johannesburg kama linavyochomoza Guangzhou na Ujjain. Anayeizungusha dira nyuzi 180 amepeleka asubuhi magharibi. Watetezi makini huliona hilo, wakasema basi igeuzwe kama kwenye kioo: kaskazini na kusini zibadilishane, mashariki na magharibi zibaki.

Pili, kioo hicho nacho huvuruga kile kinachodai kukiokoa. Mchina anayeketi akitazama kusini ana wanyama wawili walinzi: Joka la Kijani kushoto kwake, ambako pia ni mashariki, na Simbamarara Mweupe kulia. Akigeuka kutazama kaskazini, mashariki iko kulia. Joka sasa lifuate mkono au lifuate upande wa dira? Hakuna jibu linalotunza yote mawili. Tatizo hili haliwagusi wafuasi wa mkondo wa maumbo, ule wa Jiangxi unaohusishwa na Yang Yunsong wa enzi ya Tang, kwa sababu wao huhesabu kushoto na kulia kutokana na uso wa jengo na umbo la mahali. Linawabana wa mkondo wa dira, ule wa Fujian. Kwa Johannesburg, mkondo wa maumbo ndio wa kushikwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, vastu haihitaji kugeuzwa. Chukua pembe yake nyepesi, kaskazini-mashariki. Johannesburg, jua la Juni huchomoza upande huohuo, baada ya usiku ambao mara nyingi huacha umande ulioganda kwenye nyasi. Chukua pembe nzito, kusini-magharibi. Desemba jua huzama kusini kidogo mwa magharibi, na kabati refu la pembe hiyo hukinga mwanga mkali wa jioni. Juni kabati hilohilo hukaa upande ubaridi unakotoka. Ukitumia kioo, pembe ya wazi inahamia kusini-mashariki, ambako jua la kipupwe hugusa kidogo tu asubuhi, na uzito unahamia kaskazini-magharibi, ambako unaziba joto la alasiri. Kanuni iliyokuwa inafaa imeharibiwa kwa jina la kuirekebisha.

Wanaosema pasiguswe kitu nao hawako salama, maana kochi la Kichina linalotazama kusini bado linatazama baridi. Mhadhiri alipata kupanga nyumba ya zamani katika mtaa wa Mayfair, yenye dari ya bati la nakshi na ukumbi mwembamba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Sebule ilitazama barabara, kusini. Kila Juni familia iliyaacha makochi yake ikahamia jikoni, ambako jua lilipenya nondo za dirisha na kuchora mistari sakafuni hadi saa tisa alasiri. Mama wa jirani, mzee wa Kigujarati, ndiye aliyeshauri vyumba vibadilishane kazi.

Mwongozo bora zaidi katika jambo hili ni Varahamihira wa Ujjain, aliyeandika Brihat Samhita katika karne ya 6. Alikuwa mnajimu wa hesabu kabla ya kuwa mshauri wa nyumba. Kitabu chake kingine, Pancasiddhantika, kinakusanya mifumo mitano ya kukokotoa mwendo wa jua, mwezi na sayari. Ndani ya Brihat Samhita anasoma mawingu, matetemeko, vito na manukato, na anafundisha kutafuta maji ya ardhini kwa kuangalia miti na vichuguu. Katika sura ya nyumba anataka ardhi ipimwe kwanza: chimba shimo, rudisha udongo uleule, na ukibaki wa ziada kiwanja ni chema. Kisha lijaze maji, tembea hatua 100, urudi uone yamepungua kiasi gani. Mtu wa namna hii hujaribu ndipo akasema. Kumfuata ni kupima jua la mahali ulipo.

Varahamihira pia anamtaka mwenye nyumba amlinde Brahma aliyeko katikati. Hali ya hewa haithibitishi kanuni hii wala haiikanushi, na vyumba vidogo vinaipinga. Hata hivyo isiachwe. Sebule yenye kitovu kitupu hukalika, huswaliwa na hupokea wageni wa msiba na wa harusi. Iliyojazwa meza katikati huzungukwa tu. Nyumba za Waislamu wa Fordsburg huonyesha hivyo: kibla ya Johannesburg iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, na zulia linalotandikwa kuielekea huutunza uwazi huo kila siku.

Utaratibu basi ni huu. Tafuta kaskazini ya kweli. Dirisha la upande huo liachwe bila pazia zito: kizingiti cha juu kikiwa mita 2.1 kutoka sakafuni, jua la adhuhuri la Juni litaingia karibu mita 2.5, na Desemba ukingo wa paa utalizuia. Kochi kuu liegemee ukuta wa kusini, kando ya mstari wa mlango. Kabati na runinga viende kusini-magharibi. Hita, ikiwa ipo, ikae kusini-mashariki. Kaskazini-mashariki pawe na kitu chepesi tu, na katikati pasiwe na kitu.

Katika fleti za Yeoville na Hillbrow zenye dirisha la kusini peke yake, kaskazini haipatikani. Hapo kanuni za dira ziwekwe kando na zile zisizoihitaji zishikwe zote: ukuta nyuma ya mkaaji, mlango machoni pake, na sakafu wazi katikati.