Biti Ni ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha vijana, Sumbawanga Mjini. Waliokosa nafasi wameomba tuyaweke hapa. Yapo kama yalivyosemwa, tumeondoa makofi tu.)

 

Najua kuna mtu anajiuliza muziki na siasa wapi na wapi. Pita Majengo, pita Kizwite, pita Katandala, kila mtaa una madogo wanaorap. Na wengi wanaipenda ile rap ngumu, ya kigangsta. Sawa, leo sitagusa mashairi yao. Nataka tuongelee karatasi zilizo nyuma ya nyimbo hizo, kwa sababu huko ndiko hata wagumu wenyewe walikopigwa.

Chukua N.W.A., kundi la Compton, Marekani. Hakuna aliyekuwa mgumu kuliko wale jamaa. Hata polisi waliwatukana hadharani. Lakini Ice Cube, aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi ya albamu yao ya 1988, aliondoka mwaka uliofuata kwa sababu ya pesa. Aliona anachopewa hakilingani na kinachouzwa. Baadaye Dr. Dre naye akaondoka. Yaani wanaume wanaogopwa na nchi nzima, halafu wananyongwa na mkataba wa kurasa chache!

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1990 N.W.A. walitoa wimbo unaoitwa "100 Miles and Runnin'". Ndani yake walikata kipande cha gitaa kutoka kwa Funkadelic, bendi ya George Clinton. Kipande chenyewe sekunde 2. Wakakishusha sauti, wakakizungusha kirudie rudie. Wimbo huo ukaja kutumika kwenye filamu moja ya 1998, kesi ikafunguliwa, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule ikasema hivi: ukikata sauti iliyorekodiwa na mtu mwingine, hata kidogo namna gani, omba kibali au usikate kabisa. Sekunde 2, makamanda!

Na nani alishtaki? Siyo Clinton. Walioshtaki ni kampuni, Bridgeport na Westbound, zilizokuwa zinashikilia haki. Clinton mwenyewe alikuwa amegombana na Bridgeport miaka mingi, na mwaka 2001 mahakama ya Florida ikasema nyimbo ni za kampuni. Kwa hiyo unaposikia kwamba msanii fulani amelipa haki ya kukata kipande, usifikiri pesa imemfikia aliyepiga gitaa. Imemfikia mwenye karatasi.

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi. Halafu kuna haki ya ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Ukikata kipande cha rekodi unagusa zote mbili. Dr. Dre alilijua hilo. Kwenye albamu yake ya 1992, "The Chronic", sehemu nyingi aliita wapiga vyombo wapige upya badala ya kukata rekodi ya mtu. Ukipiga upya, mwenye rekodi hakudai, unabaki na mtunzi tu. Ujanja halali kabisa huo.

Turudi nyumbani. Rap ya Kiswahili yenyewe imeanzia kwenye biti za watu. Saleh Jabir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliweka Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice. Na Vanilla Ice naye besi ile aliichukua kwa Queen na David Bowie, mpaka ikabidi majina yao yaingizwe kwenye utunzi. Sisemi Saleh J alikosea, bila yeye pengine tungechelewa sana. Ila zama zile kaseti ilipita kimyakimya. Leo ukipandisha wimbo mtandaoni, mashine inautambua kabla shangazi yako hajausikia.

Kaseti nazo zilikuwa na maumivu yake. Msanii aliuza albamu nzima kwa msambazaji wa Kariakoo, akapewa hela ya mkupuo, nakala ngapi zimeuzwa hajui. Sugu alilipigia kelele suala la wasanii kunyonywa kabla hajawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay naye akaja kuingia bungeni 2015 kutoka Mikumi. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba haya siyo mambo ya siasa.

Tena kudai kunawezekana. AY na MwanaFA waliishtaki kampuni ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa, safari ikawa ndefu, lakini watu wakajua kumbe inadaiwa. MwanaFA leo ni mbunge wa chama tawala. Hilo halinizuii kusema alifanya vizuri.

Sasa wewe wa hapa. Baba ameuza gunia la mahindi, umepata hela ya studio. Umeshusha biti kutoka mtandaoni, imeandikwa bure. Siyo bure, soma maandishi madogo. Kukodi biti ni kama kukodi shamba kule Laela: mazao yako, ardhi siyo yako. Tofauti ni kwamba shamba hili limekodishwa kwa watu hamsini msimu huohuo, na wa kwanza kusajili ndiye mashine inamtambua. Wewe unaonekana mwizi.

Na ukitengenezewa biti na prodyuza wa hapahapa mjini, mmekubaliana nini? "Tutaongea baadaye, mwanangu." Baadaye ndiyo hiyo wimbo unapigwa mpaka Tunduma, mnagombana kila mtu akidai wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inakulinda tangu ulipotunga, lakini kuhamisha haki kunataka maandishi. Sheria hiyohiyo ina sehemu nzima ya sanaa za jadi. Kwa hiyo anayekuja kurekodi ngoma za wazee wetu wa Kifipa kwa simu akauze vipande, naye ana maswali ya kujibu.

Mambo mawili nawaomba. La kwanza, twende kwa afisa utamaduni wa halmashauri na barua: wasanii wangapi wa Rukwa wamesajiliwa COSOTA, na mirabaha kiasi gani imewafikia? Tujibiwe kwa maandishi. La pili linavihusu vyama vyote, na chetu kimo. Nyimbo za kampeni zinapigwa jukwaani kwa biti ya mtu, maneno yamebadilishwa, mwenyewe hajaulizwa. Napendekeza tawi letu lisipige wimbo ambao mwenye biti hajasaini. Ukitaka kudai haki kwa kipaza sauti, anza na kinachotoka kwenye spika.

Fomu za makubaliano nimemwachia katibu, ukurasa mmoja tu: nani katunga, nani katengeneza biti, kila mtu asilimia ngapi, saini, tarehe. Kalamu mje nazo, za ofisi zimeisha.